Eda Ilikwisha, Yeye Hakutoka

Kwetu Pemba hatuna uhaba wa maneno ya huzuni. Tuna majonzi, simanzi, jitimai na ukiwa. Tuna jakamoyo kwa yule ambaye moyo wake hautulii mahali pamoja. Na tuna kihoro, ambacho wazee husema bila ya kusita kwamba kinaua. Mtu akipita barazani ameinamisha kichwa huulizwa, "Mbona mnyonge leo?" na aliyeuliza husubiri jibu. Lakini neno sonona, ambalo watu wa afya hulitumia kwa maradhi ya huzuni isiyoondoka ninayotaka kuyaeleza hapa, sijapata kulisikia likitoka kinywani mwa mtu yeyote wa kijiji chetu katika wilaya ya Wete, ingawa kitenzi kusononeka kila mmoja anakijua. Naanza na maneno kwa sababu, kwa niliyoyaona ndani ya nyumba yetu, neno alilopewa mgonjwa ndilo lililochagua mlango aliopelekwa, na kila lilipobadilika neno, ulibadilika na mlango. Ilituchukua miezi minane na milango mitano kufika pale ambapo pengine tungefika kwa wiki tatu.

Mgonjwa mwenyewe ni mdogo wake mama yangu, ambaye namweleza hapa kwa ruhusa yake bila ya kumtaja jina. Mume wake alifariki mwezi wa Februari baada ya maradhi mafupi, naye akakaa eda ya miezi minne na siku kumi kama sharia inavyotaka. Katika muda huo hakuna aliyeshangaa kumwona akilia, akila kidogo au akinyamaza kutwa nzima, kwa sababu kwetu huzuni ya mfiwa ina kalenda yake: siku tatu za matanga, kisha khitma, kisha arubaini, kisha eda yenyewe kwa mjane, na kila kituo kina watu wake, chakula chake na maneno yake ya kuliwaza. Mimi naihesabu kalenda hiyo kuwa ni elimu. Mtaalamu mgeni angehitaji kuuliza mengi ili apambanue baina ya huzuni ya kawaida na maradhi. Jirani wa Pemba anahesabu siku tu, na siku zikishapita huanza kutazama kama mtu anarudi. Siku ya kutoka eda mama mdogo alioga, akavishwa nguo mpya, ukachomwa udi, wanawake wakaja wakala wakaondoka. Kesho yake kila mtu alitarajia kumwona kisimani, au dukani, au angalau kizingitini pa mlango wake. Hawakumwona.

Mwaka ule mikarafuu ilizaa vizuri. Nilivuka kutoka Unguja wakati wa likizo ya skuli, na usiku wa pili tulikaa uwani juu ya jamvi, wanawake saba na watoto kadhaa, chini ya taa moja, tukichambua karafuu zilizochumwa mchana. Anayeijua kazi hiyo anajua kuwa mikono huenda yenyewe: unashika shada, unalivunja juu ya kiganja, karafuu zinaangukia upande mmoja na vikonyo upande mwingine, na mdomo unabaki huru kwa hadithi na mizaha. Mama mdogo alikuwa hodari wa yote mawili, mkono na ulimi. Usiku ule alishika shada moja. Nilimtazama bila ya yeye kujua: shada lilikuwa mkono wa kushoto, kidole gumba cha kulia kimeegemea kikonyo, na akabaki vivyo hivyo mpaka rundo la mwenziwe aliyekaa ubavuni mwake likamalizika. Mtoto mmoja akacheka, akidhani bibi amesinzia. Macho yake yalikuwa wazi.

Asubuhi nilimwuliza anaumwa nini. "Mwili hauna nguvu, mwanangu," akanijibu. "Kichwa kizito. Nikilala naamka saa nane za usiku, moyo unanienda mbio, mpaka adhana ya alfajiri." Hakutaja huzuni hata mara moja. Wapo wanaosema kwamba watu wa huku kwetu huficha maumivu ya nafsi ndani ya maumivu ya mwili, na mimi siwaungi mkono. Usingizi unaokatika usiku wa manane, kukosa hamu ya chakula, uchovu usiotokana na kazi na uzito wa mikono ni sehemu ya maradhi haya yenyewe, kwa Mpemba na kwa Mfaransa sawasawa. Isitoshe, kwa Kiswahili moyo ni kiungo na ni mahali pa hisia kwa wakati mmoja. Aliposema moyo unamwenda mbio, alikuwa amekwisha kusema mambo yote mawili, na kazi ya kuyasikia yote mawili ilikuwa yetu.

Sisi tulisikia moja. Tukampeleka kituo cha afya, akatolewa damu kidoleni, hakukutikana vijidudu vya malaria, jambo ambalo halikupaswa kumshangaza mtu, kwani malaria imepungua sana visiwani mwetu. Akapimwa presha, akapewa vidonge vya maumivu na vya kuongeza damu, akarudi nyumbani. Katika dakika zote alizokaa pale, hakuna aliyemwuliza kama amefiwa. Mlango wa pili ulikuwa duka la dawa, ambako binti yake aliuziwa vidonge vya usingizi bila ya cheti cha daktari. Alilala, ndiyo, kwa wiki mbili hivi, kisha kidonge kimoja kikawa hakitoshi, akahitaji viwili. Vidonge vya aina ile huzoesha mwili haraka na havigusi chanzo cha maradhi, lakini hayo tulikuja kuelezwa baadaye sana.

Wakati huo mtaa ulikuwa umeshaanza kutafuta neno. Wapo waliosema ni kijicho, kwa sababu marehemu alimwachia mashamba mawili ya mikarafuu iliyozaa mwaka ule ule. Wapo waliosema ni pepo, kwa sababu bibi yake naye alikuwa na pepo, na pepo kwetu hurithiwa kama shamba. Na wapo, wachache lakini wenye sauti kubwa, waliosema ni upungufu wa imani, kwamba mja mwenye subira haendelei kulia baada ya eda. Kama ningelazimishwa kuchagua baina ya majina hayo matatu, ningechagua pepo bila ya kufikiri mara mbili. Anayeambiwa ana pepo anaambiwa kwamba kosa si lake, kwamba limemjia jambo kutoka nje, na kwamba liko la kufanya na watu wa kulifanya pamoja naye. Anayeambiwa imani yake ni haba anafungiwa ndani peke yake na lawama, wakati ambapo maradhi yenyewe yameshamjaza lawama kupita kiasi. Mama mdogo aliniambia baadaye kwamba maneno yale ya imani ndiyo yaliyomfanya aache kutoka hata kwenda kumzuru dada yake, nyumba ya tatu kutoka kwake.

Basi akapelekwa kwa mganga. Sitaki kuandika juu ya mlango huo kwa dharau iliyozoeleka katika maandishi ya watu waliosoma, maana nilikuwapo. Pepo alitajwa kwa kabila lake, ukatakiwa mbuzi, ukatakiwa ubani na marashi, na ngoma ikapigwa usiku mzima. Wanawake wasiopungua ishirini walimzunguka, wakamwimbia, wakamfunika kanga, wakamshika mabega. Alilia usiku ule kilio ambacho hatukukisikia hata siku ya mazishi, na baada yake alilala siku mbili bila ya kidonge. Nadhani ngoma ilimpa kitu ambacho kituo cha afya hakikumpa, yaani watu ishirini walioacha shughuli zao kwa ajili yake. Siku ya tatu aliamka tena saa nane za usiku. Mganga akasema pepo hajaridhika, anataka ngoma ya siku tatu na pete ya fedha, na hapo ndipo hesabu ilipoanza kuuma, kwani fedha ya karafuu ya msimu mzima ilikuwa inaelekea kwisha. Tatizo langu na mlango ule ni hili: haukuwa na mlango wa nyuma. Kila dawa iliposhindwa, jibu lilikuwa dawa ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi, na hakuna hatua ambayo mganga angeweza kusema, "Hili halinihusu, mpelekeni mbele."

Aliyeyasema maneno hayo alikuwa shehe. Kisomo kilikuwapo nyumbani tangu mwanzo. Tulisoma Yasini, na kombe liliandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya waridi, akalinywa asubuhi na jioni. Lakini safari hii kaka yangu alimwendea mtu mzima wa makamo, msomeshaji wa chuo kimoja cha Qur'ani karibu na Chake Chake, ambaye alikubali kuja. Alikaa ukumbini, mgonjwa amekaa pamoja na binti yake, akauliza kabla ya kusoma chochote.

"Unaswali, mama?"

"Naswali, shehe. Lakini nikishatoa salamu sikumbuki nilichosoma."

"Chakula?"

"Nakula kwa sababu wananitazama."

"Na furaha, unaipata wapi?"

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Siikumbuki ilivyo."

Shehe alimsomea siku tatu. Siku ya tatu, baada ya dua, alimgeukia kaka yangu akasema kwamba kisomo kiendelee, kwani Qur'ani ni shifaa, lakini mgonjwa huyu apelekwe pia kwa daktari wa maradhi ya akili, na wiki hiyo hiyo. Alitukumbusha Hadithi tunayoijua sote, kwamba tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea na dawa. Akaongeza jambo ambalo lilimtoa mama mdogo machozi: kwamba Nabii Yaakub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, na hakuna anayethubutu kusema kuwa Yaakub alikuwa na imani haba, na kwamba Mtume wetu mwenyewe aliomba kila mara kukingwa na wasiwasi na huzuni, naye ana mwaka katika maisha yake ambao wanazuoni wanauita Mwaka wa Huzuni, aliofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma nipatapo nafasi, na nimekuta kwamba katika elimu ya Kiislamu jambo hili si geni hata kidogo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, alikwisha kutenganisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana, kama vile kufiwa au kupoteza mali, na huzuni isiyojulikana sababu, ambayo aliiona inatoka mwilini na kuhitaji tiba ya mwili. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya vidonge vya kwanza vya maradhi haya. Nalitaja kwa sababu nimechoka kusikia kwamba kumpeleka mgonjwa wa namna hii hospitali ni mambo ya Wazungu.

Hata hivyo, neno "daktari wa maradhi ya akili" lilipotamkwa ukumbini pale, nilimwona mama yangu akishtuka. Kila Mzanzibari anajua kwa nini. Mjini Unguja kuna hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, na jina la mahali hapo limekuwa tusi la watoto na mzaha wa watu wazima, kama vile Mirembe ilivyo kwa watu wa Bara. Ukishatajwa hapo, wewe ni mwendawazimu, na nyumba yenu nzima ina wazimu, na binti yako hataposwa. Katika fikra za watu hakuna ngazi baina ya mzima na kichaa. Ama uko huku ama uko kule. Mama mdogo hakuvua nguo hadharani wala hakurusha mawe, kwa hiyo hakuwa kichaa, na kwa kuwa hakuwa kichaa, hospitali hiyo haikumhusu. Ndivyo hoja ilivyokwenda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati watu zaidi ya asilimia 75 wenye maradhi ya akili hawapati tiba yoyote. Sababu kubwa ni uhaba wa wataalamu na fedha, lakini nikiisoma asilimia ile naiona pia sura ya mama yangu ukumbini.

Hatukwenda Kidongo Chekundu. Shehe alitueleza kwamba katika hospitali moja ya huko huko Pemba kuna muuguzi aliyesomea afya ya akili, anayekaa na wagonjwa wa nje siku maalumu za wiki. Alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. "Shikamoo, mama," akasema, akafunga mlango, kisha akasogeza kiti kutoka nyuma ya meza na kukaa mbele ya mgonjwa, magoti karibu yagusane. Alikuwa na karatasi ya maswali tisa, yale yale yanayotumika nchi nyingi: kwa muda wa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, umekosa usingizi, umejiona huna thamani, na kadhalika. Kila swali lina alama kuanzia 0 mpaka 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Mama mdogo alipata 19.

Swali la tisa ndilo ninalolikumbuka zaidi. Linauliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru, na kwa mwanamke wa Kiislamu wa kijijini, kuulizwa waziwazi kama unataka kujiua ni kama kuulizwa kama umekufuru. Jibu ni "Audhubillahi" na mazungumzo yamekwisha. Muuguzi alilizungusha. "Mama, kuna usiku unalala ukiomba usiamke?" Jibu likaja kwa sauti ndogo: kila usiku, na kwamba mara nyingine akipita karibu na kisima cha zamani huwaza kuwa angemfuata marehemu. Sisi tuliokuwa tukila naye sahani moja hatukulijua hilo. Wengi huogopa kwamba kumwuliza mtu jambo hilo ni kumpandikizia wazo. Wataalamu wamelichunguza na wamekuta sivyo, na wengi wa wanaoulizwa hupata nafuu kwamba hatimaye yuko aliyeuliza. Siku ile ile kisima kilifunikwa kwa mbao na mawe.

Alipewa vidonge vya amitriptilini, dawa ya zamani, ya bei ndogo na yenye kutumika sana katika hospitali zetu, anywe usiku. Maelekezo yalikuwa mengi na nayaandika kwa sababu ndipo watu wanapoharibikiwa. Dawa haifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki mbili, nne au zaidi kabla ya moyo kuanza kuinuka, ilhali madhara yake madogo, kama kukauka mdomo, usingizi mzito na kufunga choo, hutangulia kuonekana. Kwa maneno mengine, mgonjwa anaanza kwa kujiona amezidi, na hapo ndipo wengi wanapoitupa. Ukizidisha kipimo dawa hii ni hatari kwa moyo, kwa hiyo mfuko wa vidonge ulikaa kwa binti yake, akampa usiku kwa usiku. Na ukishapona huachi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kuendelea kwa miezi 9 mpaka 12 baada ya nafuu, kisha kupunguza kidogo kidogo. Ramadhani ilipoingia mtaa mzima ulikuwa na fatwa zake juu ya dawa na saumu, lakini kidonge kilikuwa cha usiku, akakinywa baada ya tarawehe, na saumu yake ikabaki salama.

Sehemu ya pili ya tiba ilikuwa kazi, na hapa muuguzi alinishangaza. Alimwuliza mama mdogo alikuwa akipenda kufanya nini zamani, akajibiwa: kuchambua karafuu na wenzake. Msimu ulikuwa ukingoni, lakini zilikuwapo za mwishomwisho. "Basi leo usiku chambua ukufi mmoja," akamwambia, "usubiri hamu mpaka lini? Fanya, hamu itakufuata. Ukimaliza ukufi, ingia ndani ukalale, hakuna atakayekusema." Kesho ukufi mmoja tena, keshokutwa miwili. Binti yake alikuwa akinipigia simu Unguja kunipa hesabu: leo mitatu, leo amekataa, leo mitano na amemtania jirani. Nilicheka peke yangu ndani ya daladala ya Mwanakwerekwe niliposikia habari ya mzaha ule.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini watu wasingekutana na mtu kama yule muuguzi mapema zaidi, katika milango ya mwanzo wanayoipita. Zimbabwe wamelijibu swali hilo kwa njia inayonivutia. Mwaka 2006 daktari mmoja wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alianza katika kitongoji cha Mbare jijini Harare kwa kuwafunza wanawake wazee, mabibi wa mtaa, kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kumsaidia kuyapanga matatizo yake moja moja. Hawakuanza na jina la hospitali. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo ni ndugu wa "fikra nyingi" zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango huo umeshafika hadi Unguja.

Wenzangu husema kwamba sisi benchi hilo tunalo tangu zamani, nalo ni baraza. Ni kweli nusu. Baraza humwona mnyonge haraka kuliko hospitali yoyote. Mwanamme asiyekuja kucheza dhumna siku nne hutumiwa mtu kumwulizia. Lakini baraza halina siri, na mwanamme anayeulizwa mbele ya wenziwe wanane anaumwa nini atasema mgongo. Kaka yangu huyo huyo aliyemleta shehe alikuwa na mwaka mzima wa hasira zisizo na sababu, sauti ya juu kwa watoto na kulala mchana, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwamo, aliyefikiri kwamba hasira nayo inaweza kuwa sura ya maradhi haya kwa wanaume. Tulisema amekuwa mkali, basi. Kinachotakiwa ni baraza lenye mlango unaofungwa.

Vivyo hivyo kwa wazazi, na kwa Kiswahili chetu mzazi ni mwanamke aliyejifungua na yumo ndani ya siku zake arubaini. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji wa pilipili manga, hapikishwi wala hateki maji, na huo ni ulinzi mkubwa. Lakini akilia bila ya sababu anaambiwa anamkufuru Mungu aliyempa mtoto, ilhali zaidi ya mmoja katika kila wajawazito na wazazi kumi duniani hupatwa na sonona. Mkunga anayemkanda kila asubuhi ndiye mtu wa kwanza ambaye angeweza kuuliza, na mikono yake imo mwilini mwa mgonjwa tayari.

Mama mdogo alimaliza dawa zake kwa kupunguza taratibu, na hajarudi kuzitumia. Bado hasemi sonona. Akielezea hali ile husema "nilipokuwa sipo." Msimu uliopita nilivuka tena, na usiku mmoja, tulipokwisha kuchambua na watoto kwenda kulala, jirani wa upande wa bondeni alibisha hodi ya uwani, akakaa pembeni mwa jamvi, akazungumza habari za mvua na bei ya mchele mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, bila ya kumtazama mtu, kwamba binti yake aliyeachwa na mume ana ule uchovu, na kwamba yeye hajui aanzie wapi. Mama mdogo hakumwuliza uchovu gani. Alimtajia siku ambazo muuguzi hukaa, akamwambia wafike mapema kabla ya saa mbili, mlango wa tatu kushoto, na achukue ndimu kwenye mkoba, kwa sababu dawa ile hukausha mdomo.